Mjomba kamwagiwa maji ya barafu sikioni, hicho ni kipimo gani?

Wakuu habari za jioni, niko Lindi. Mjomba alipata ajali ya boda jumapili, kichwa kimeumia vibaya, yuko kwenye mashine ya kupumulia. Leo madaktari wawili wamemmulika tochi machoni, wakamgusa jicho na pamba, mwisho wakamwagia maji ya barafu sikioni huku wanamwangalia macho, wanasema ubongo umekufa. Sasa jana usiku nimeona kabisa mguu umejikunja, na moyo unadunda! Mama kagoma, ni kaka yake wa pekee. Naombeni mnieleweshe.

Nesi Mtwara: Pole sana mdogo wangu. Hapo wanaangalia shina la ubongo, kule chini unapoungana na uti wa mgongo, kama bado linajibu. Mboni inywee kwenye mwanga, kope ifumbe ukigusa jicho, mpira wa kunyonya makohozi ukishuka akohoe hata kama kazimia. Yale maji, kama mililita 50 hivi, shina likiwa zima macho yanavutwa upande wa sikio lenye baridi, yasiposogea kabisa masikio yote mawili ni ishara mbaya mno. Wengine wanageuza kichwa wacheki macho ila kwa ajali ya boda shingo inaweza ikawa imevunjika, hawathubutu. Mguu ndo unaumiza familia nyingi, nimeshuhudia, lakini unaendeshwa na uti wa mgongo wenyewe, haujapita kichwani. Na moyo una umeme wake, ukipata oksijeni unadunda. Ulizeni kipimo cha kupumua, wanatoa mashine, oksijeni anaendelea kupewa, kaboni dayoksaidi kwenye damu inaachwa ipande mpaka 60 (milimita za zebaki) waone kama atavuta pumzi mwenyewe.

Mdau wa Newala: Ulizeni pia dawa za usingizi zimeisha mwilini na joto halijashuka chini ya 36, la sivyo majibu yanadanganya. Huku mtu akigongwa na nyoka koboko sumu inapooza misuli yote, hafumbui jicho wala hapumui, unaweza ukasema kafa kumbe anakusikia. Ndo maana lazima chanzo kijulikane kwanza.

Muuliza swali: Asanteni sana. Nimemfata daktari, dawa za usingizi zilisimamishwa toka juzi, cha kupumua ni kesho asubuhi na kakubali mama awepo. Leo nakaa nae nimwambie ya mguu, maana yeye ndo kaushikilia huo.