Kujifunza mitandao ya kompyuta kwa shilingi 5,000: nianzie wapi?

Mgeni_Kayole: Habari zenu wakuu. Nina laptopu ya RAM ya GB 4 na hizo pesa tu. Ninunue ruta kwanza?

FundiWaya: Karibu ndugu. Ruta isubiri. Pakua Packet Tracer, programu ya kuiga mitandao kwenye kompyuta; ni bure ukijisajili Cisco Networking Academy, na laptopu yako itaimudu. Zoea kugawanya anwani za IP (namba za vifaa mtandaoni) hadi uone mara moja kwamba mtandao wa /26, yaani biti 26 za mwanzo ni za mtandao, una anwani 64, na 62 ndizo za vifaa.

Kisha shuka Luthuli Avenue, Nairobi, ununue koleo la kubania, vichwa vya RJ45 (plagi za waya wa mtandao), kipima waya na mita chache za Cat5e, waya wenyewe wa mtandao. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, huvunjika upesi, uache. Panga nyuzi ndani ya kichwa kwa T568B, mpangilio wa kawaida wa rangi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue jozi (nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja) zaidi ya milimita 13. Jozi zikichanganywa kwa namna ileile pande zote mbili, kipima cha taa kitasema ni sawa, lakini data itapotea njiani. Hapo wengi huilaumu ruta bure.

Swichi24: Naongeza: ukipata ruta ya mtumba, ibonyeze reset kwanza, ubadilishe anwani yake isigongane na ya nyumbani (mara nyingi zote ni 192.168.1.1), na uzime DHCP (huduma inayogawia vifaa anwani) ukiichomeka kwenye ruta ya nyumbani tundu la LAN kwa tundu la LAN. La sivyo majirani mnaoshiriki WiFi watapewa geti (anwani ya kutokea kwenda intaneti) lisilo sahihi, intaneti ikatike.

Mgeni_Kayole: Shukrani sana. Naanza na Packet Tracer leo.