Kadi, mitihani iliyopita, kikundi au tuisheni: mzazi aanzie wapi kwenye maarifa ya jamii?

MamaKijana (mleta mada)

Wakuu, naomba tulinganishe njia za kumsaidia kijana anayejiandaa na mtihani wa maarifa ya jamii, yaani historia, jiografia na uraia. Tuchukulie zimebaki wiki 8, mzazi ana dakika 40 jioni kwa siku nne za wiki, na somo lenyewe halijui vizuri. Njia zinazotajwa sana ni hizi: kurudia kusoma daftari huku akipigia mstari, kadi za maswali, kufanya mitihani iliyopita, na kikundi cha wanafunzi au tuisheni. Ipi inaleta alama zaidi kwa muda huo, na kila moja huharibikia wapi?

Chaki_Nyeupe

Hiyo ya kwanza itoe. Kijana akirudia daftari, maneno anayaona ameyazoea, basi anaamini anayajua. Kwenye mtihani anakutana na karatasi tupu. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walilipima hili mwaka 2006: baada ya dakika 5, wanafunzi waliosoma kifungu mara mbili walikumbuka asilimia 81, na waliosoma mara moja kisha wakajipima walikumbuka asilimia 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma asilimia 42, waliojipima asilimia 56. Ndiyo maana ni vigumu kumshawishi kijana aache kurudia, kwa sababu usiku uleule njia yake inaonekana kushinda.

Kadi ndizo zinazomfaa mzazi asiyejua somo, maana jibu liko nyuma. Ila ziandikwe vizuri. "Umoja wa Mataifa" si swali, hiyo ni mada. Swali ni "Umoja wa Mataifa ulianza rasmi lini?" (24 Oktoba 1945), na kadi nyingine iulize "Baraza la Usalama lina wajumbe wangapi, na wa kudumu ni wangapi?" (15, wa kudumu 5). Jibu likizidi mistari miwili, ligawe kadi mbili.

Tumia maboksi matatu. La kwanza huulizwa kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu mara moja kwa wiki. Akipatia, kadi inapanda boksi. Akikosa, inarudi la kwanza hata kama ilishafika la tatu. Kadi mpya zisizidi 10 kwa siku, la sivyo marudio yanarundikana na zoezi zima linaachwa wiki ya tatu.

Jambo moja mzazi awe mkali nalo: kijana atamke au aandike jibu kabla kadi haijageuzwa. "Hiyo nilikuwa naijua" baada ya kuona jibu ihesabiwe amekosa.

Pia tengenezeni kadi za jozi zinazochanganywa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulianzishwa Addis Ababa 25 Mei 1963, na Umoja wa Afrika ulizinduliwa Durban mwaka 2002. Shirikisho la Mataifa lilianza 1920, Umoja wa Mataifa 1945. Kadi iulize tofauti, isiulize kimoja peke yake.

Msahihishaji

Nakubaliana na kadi, lakini zina mpaka wake. Kadi zinaokoa alama za maswali mafupi. Alama nyingi hupotelea kwenye maswali ya kueleza, na huko dawa ni mitihani iliyopita pamoja na mwongozo wa usahihishaji.

Anzeni na kitenzi cha swali. "Taja" inataka orodha tu. "Eleza" inataka hoja na sababu yake. "Linganisha" inataka kufanana na kutofautiana, na anayeeleza A kwanza, kisha B, bila kuziunganisha hajalinganisha. "Tathmini" inataka pande mbili, kisha uamuzi. Kijana apigie kitenzi mstari kabla ya kuandika chochote.

Chukua swali la kueleza sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi hujaza ukurasa mzima na habari ya kuuawa kwa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria-Hungaria, mjini Sarajevo, 28 Juni 1914. Tukio hilo lilikuwa cheche, na kwenye usahihishaji huhesabiwa hoja moja tu. Zilizobaki ni mikataba ya kijeshi iliyogawa Ulaya kambi mbili, mashindano ya silaha, utaifa katika Balkani (kusini-mashariki mwa Ulaya) na ugomvi wa makoloni. Anayeandika kurasa mbili nzuri juu ya mauaji yale anapata alama za hoja moja, na mzazi hashangai mpaka matokeo yatoke.

Utaratibu ninaoupendekeza: karatasi moja nzima mwanzoni, bila kusaidiwa na kwa muda wa mtihani. Isahihisheni kwa mwongozo, kisha kila alama iliyopotea iingie kwenye safu moja kati ya tatu: *sikujua*, *nilijua ila sikueleza*, *sikusoma swali vizuri*. Safu iliyojaa ndiyo inayochagua njia. *Sikujua* iende kwenye kadi. *Sikueleza* ina maana aandike aya moja kila jioni: hoja, maelezo, mfano wenye jina au mwaka. *Sikusoma swali* inahitaji dakika 10 za kupanga majibu ya maswali matano bila kuyaandika.

Muda ukokotoeni mapema. Mtihani wa dakika 150 wenye alama 100 unatoa dakika 1.5 kwa alama, hivyo insha ya alama 20 ni dakika 30, na nne kati ya hizo ni za kupanga.

Mzazi asiyejua historia anaweza kusahihisha namna hii: asome sentensi ya kwanza tu ya kila aya. Asipoona hoja hapo, msahihishaji mwenye rundo la karatasi mezani naye hataiona.

Angalizo: karatasi za miaka ya nyuma sana huenda zinafuata muhtasari wa somo uliokwisha kubadilishwa. Linganisheni na muhtasari wa sasa. Na kijana asikariri majibu ya insha. Swali likigeuzwa kidogo, ataandika jibu la mwaka mwingine.

BabaMlezi

Chaki, kusoma usikufute kabisa. Mada ambayo kijana hakuielewa darasani haitengenezewi kadi, atakariri maneno tu. Asome mara moja, afunge daftari, aandike anachokumbuka kwa dakika tano, kisha afungue na kujaza mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Hiyo rangi ya pili ndiyo inayogeuzwa kadi.

Chaki_Nyeupe

Hapo sawa kabisa. Ninachokataa ni kusoma mara ya tatu na ya nne.

Kontua

Mmesahau ramani na hesabu za jiografia. Huku kadi hazisaidii na kikundi husaidia kidogo. Panahitaji mazoezi ya mkono, na makosa yake ni yaleyale kila mwaka:

- Skeli. Kwenye 1:50,000, sm 2 ni km 1. Barabara iliyopinda isipimwe kwa rula moja kwa moja. Tumieni uzi au ukingo wa karatasi, mkiweka alama kila kona. Sm 13.5 ni km 6.75.
- Eneo. Hapa kilomita moja ya mraba ni sentimita 4 za mraba. Wengi hugawanya kwa 2 badala ya 4, na jibu linatoka mara mbili ya ukweli.
- Rejea za gridi, yaani namba za kuonyesha mahali kwenye ramani. Namba zinazoongezeka kuelekea mashariki huandikwa kwanza, zinazoelekea kaskazini baadaye. Akigeuza, amekwenda mahali pengine kabisa.
- Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Kwenye bonde, ncha ya V inaelekea sehemu ya juu ya mto. Someni mwinuko kwa namba, msikisie kwa umbo.
- Saa na longitudo. Digrii 15 ni saa 1, digrii 1 ni dakika 4. Ikiwa ni 12:00 kwenye 30° Mashariki, kwenye 75° Mashariki ni 15:00. Kwenye 15° Magharibi ni 09:00, kwa sababu pande mbili za longitudo 0° hujumlishwa: 30 + 15 = 45. Anayetoa anapata 15 na kukosea kwa saa mbili. Hesabu yote ifanywe kwa mtindo wa saa 24. Akianza na "saa 6 mchana" katikati ya kazi, atachanganya.

Maswali matatu ya ramani kwa wiki yanatosha, ila yafanywe kwa penseli na rula halisi.

Daftari

Kwa kikundi: watu watatu au wanne, kila mmoja aje na maswali matano na majibu yenye ukurasa wa kitabu. Bila kitabu, kikundi husambaza makosa. Mfano ni kauli kwamba Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 ulichora mipaka yote ya Afrika. Mkutano uliweka masharti ya kudai maeneo, na mipaka mingi ilitokana na mikataba ya baadaye, kama ule wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890.

Tuisheni inalipa pale mwalimu anaporudisha insha zenye maoni. Akiwa anasoma madokezo tu na wanafunzi wananakili, mmelipia ile njia ya kwanza.

MamaKijana

Asanteni sana. Na kijana asiyetaka kusimamiwa?

Msahihishaji

Mpe uamuzi wa saa na mada, wewe ubaki na namba tu: kadi ngapi, aya ngapi. Jioni mbili za kadi, moja ya aya, moja ya ramani. Siku ya kadi mnaweza kubadilishana nafasi: yeye akuulize, na ukikosa akueleze kwa nini. Pale anaposhindwa kueleza, weka alama kwenye kadi hiyo irudi boksi la kwanza.