Mrejesho: Fonti ya brashi iliyokuwa inaachanisha herufi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini jina "Salma" kwenye kadi, nikitumia fonti ya mwandiko wa brashi, linatoka herufi zimeachana badala ya kushikana kama zimeandikwa kwa mkono. Ahsanteni sana wote mliojibu.

Aliyesema nikague nafasi kati ya herufi alipatia. Nilikuwa nimeiweka 40 ili jina lienee kadi nzima. Kumbe mkia wa kila herufi umechorwa uishie pale pale inapoanza inayofuata. Ukiongeza nafasi, unaukata. Nimerudisha 0, zote zikashikana. Kuandika herufi kubwa tupu nako nimeacha, maana kwa kweli palikuwa hapasomeki.

Ushauri wa kuwasha herufi mbadala za OpenType (maumbo mengine ya herufi ileile yaliyomo ndani ya fonti) umesaidia nusu. Zile "a" mbili za Salma zilikuwa pacha, hadi mikwaruzo ya brashi kavu ilikaa sehemu ileile, mtu anajua tu hii ni kompyuta. Ya mwisho nimeipa umbo lenye mkia mrefu, imependeza. Ila fonti hii haina mbadala wa "m", kwa hiyo jina jingine, "Mwamtumu", bado lina "m" mbili zilizofanana kabisa. Nimeliacha hivyo.

Kilichogoma ni mstari wa anwani, wenye herufi ndogo za pointi 8. Kwenye skrini ulionekana vizuri, kwenye karatasi michirizi myembamba ikapotea. Huo nimeuandika kwa fonti ya kawaida isiyo na madoido.