Siku 10 Costa Rica kwa gari, zinatosha?

Wadau naombeni ushauri, mimi na mke wangu tunataka kuzunguka Arenal (kwenye volkano), Monteverde (misitu ya milimani) na Manuel Antonio (hifadhi ya taifa ya pwani), je tunajibana?

— Zinatosha mkuu ila usiongeze kituo kingine. Kwenye ramani Arenal na Monteverde zinaonekana jirani lakini kuna ziwa katikati, unalizunguka, halafu kile kipande cha kupanda mlima sisi tulikuta ni vumbi na mashimo matupu, tulitumia masaa manne. Kodi gari ya juu. Na lava msitegemee, volkano ya Arenal imetulia tangu 2010.

— Hifadhi ya Manuel Antonio inafungwa kila Jumanne, tiketi nunua mtandaoni mapema. Kama mnaenda kati ya Mei na Novemba endesheni asubuhi, mchana mvua inamwagika kwelikweli.

— Asanteni sana, Jumanne ndo tulikuwa tumepanga!