Wakuu naomba ushauri: siku moja New Orleans na mama mkwe, watoto 3 na bajeti ya kuungaunga

Mdigo wa Houston
Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Niende kwenye mada moja kwa moja. Mama mkwe wangu katoka Tanga yuko hapa Houston wiki ya tatu sasa na tangu afike kashaona Walmart, msikiti, na sebule yetu, basi. Juzi nikamsikia anaongea na simu nyumbani anasema "Marekani ni barabara tu na maduka", wakuu niliona aibu, mimi ndo mkwe mwenye gari. Shemeji yenu kapendekeza New Orleans maana ni barabara kuu ya I-10 moja kwa moja, kama maili 350 hivi, tunafika Ijumaa usiku, Jumamosi tunazunguka, Jumapili asubuhi tunarudi, Jumatatu kazini.

Tupo 6: mimi, wife, mama, watoto wa miaka 12, 8 na 3. Mama magoti yanamsumbua, hatembei sana na ngazi ni mtihani. Sisi ni waislamu, kwahiyo kitimoto na vilevi hapana, na nasikia ule mji ndo chakula chake chote. Bajeti ukitoa hoteli na mafuta ni dola 300 kwa siku nzima, kula na kutembea. Wife ana listi ya TikTok ina sehemu 14, nimeangalia nikafunga simu. Tule nini, tuone nini, tuache nini? Na mtoto wa 3 analala saa 7 mchana usipomlaza mji mzima utajua.

Naomba kuwasilisha.

Ngosha T
Nimekaa paleee nasubiri wajuzi. Ila mkuu na mama mkwe safari ya masaa 6 kwenye gari moja, una moyo.

JaKisumu504
Bro niko hapa Nola, yaani New Orleans, mwaka wa tisa so wacha nikuambie ukweli. Hiyo listi ya sehemu 14 itupe. Hapa siku ya familia inaharibiwa na vitu tatu: jua, parking, na mtu kudhani ataona kila kitu. Shika mto. Vitu za maana kwa mgeni wa siku moja ziko karibu na mto pale French Quarter, ule mji wa zamani, na Canal Street, gari unaliacha mahali moja asubuhi unalisahau.

Mfike Café du Monde ya Decatur Street mapema, namaanisha saa moja saa moja na nusu asubuhi, ikifika saa nne foleni imezunguka kona na mathe hawezi simama hivyo. Wako hapo tangu 1862, menyu ni fupi, beignet na kahawa. Beignet ni mandazi bro, usidanganywe na Kifaransa, mandazi ya mraba imemwagiwa sukari ya unga mpaka haionekani, sahani moja zinakuja tatu. Wanakaanga na mafuta ya pamba so hapo mko sawa. Kahawa inachanganywa na chikori, mzizi wa mmea uliokaangwa, chungu kiasi, agiza ile ya maziwa.

Ukimaliza hapo vuka upande wa mto, kuna mahali ya kupanda juu ya tuta la kuzuia maji ya mto. Ndio, unapanda kwenda mtoni, mji umekaa chini. Mathe apelekwe pale kwa njia ya mteremko, sio ngazi.

bintiMrima
Kaka yangu, kwenye chakula soma kwa makini, mimi nilikwenda na mume wangu mwaka juzi tukala kwa kubahatisha tukajuta. Wale watu nguruwe wanamtia mpaka kwenye maharage. Si utani. Kile chakula chao cha Jumatatu, wali na maharage mekundu, zamani Jumatatu ndo siku ya kufua, wanabandika chungu cha maharage na mfupa wa paja la nguruwe kinatokota chenyewe wao wako kwenye nguo. Mpaka leo hata usipoona nyama, ule mchuzi umetoka humo humo. Nilikula vijiko 2 nikauliza, nikaambiwa, nikaweka kijiko chini, nikatamani kulia maana yalikuwa matamu.

Gumbo, ile supu yao nzito, nayo kuna ile soseji inaitwa andouille, ni nguruwe, hata ukiona wameandika gumbo ya samaki na kamba uliza kama kuna soseji na supu imetoka wapi. Jambalaya, ule wali wao wa kuchanganya, hivyo hivyo. Muffuletta, ule mkate wa nyama za nguruwe, usisogelee kabisa. Na pudini ya mkate, hii wengi hawajui, ile sosi juu inakuwa na wiski.

Cha kula kwa amani ni po'boy ya kamba, ule mkate mrefu wa kifaransa ganda linavunjika vunjika, ndani kamba wa kukaanga, ukiulizwa "dressed" maana yake uwekewe saladi, nyanya, achari na mayonesi. Uliza tu mafuta hawakaangii na vingine. Nyama ya halali mtaipata kwa Waarabu upande wa Metairie, si mbali kwa gari.

Halafu pralines, usiache. Ni kashata wallahi, badala ya karanga wanatia pekani, aina ya njugu za kule, na maziwa.

Kiroboto
Mkuu mimi ntaongelea usalama maana hao wenzangu wameingia tumboni moja kwa moja. Usiache begi wala chaja wala hata koti kwenye gari. Mimi nilipaki mtaani usiku mmoja, asubuhi kioo cha nyuma kipo chini chote, walichochukua ni begi la nepi. NEPI. Kioo kilinigharimu kuliko hoteli. Lipa parking ya ndani, inauma ila lipa.

Pili Bourbon Street usipite na mama mkwe baada ya saa 11 jioni. Watu wanatembea na vilevi mkononi, muziki unapiga milango yote, na mengine siandiki hapa. Pita Royal Street, ni mtaa wa pembeni yake tu, mchana wanafunga magari na kuna wapiga tarumbeta wa barabarani wazuri hatari, balkoni za vyuma zenye maua, hapo mama atapiga picha za kutuma kwao.

Tatu, kuna jamaa atakuja kwako akwambie "nakubetia dola 20 najua viatu vyako umevipatia wapi". Usijibu. Ukikubali anakwambia umevipata miguuni mwako, hapa hapa Bourbon Street, na pesa ataidai kwa sauti kubwa mbele ya mkweo.

Mdigo wa Houston
@Kiroboto hahaha nimecheka sana hapo kwenye nepi, pole lakini mkuu. @bintiMrima asante dada, nimemsomea mama hayo ya maharage akasema "yaani nisafiri masaa 6 kwenda kula wali maharage na nguruwe". Sasa watoto je? Wife kaona akwariamu.

JaKisumu504
Akwariamu ni poa, iko hapo mwisho wa Canal Street, kuna papa na pengwini wa kutoka Afrika Kusini, imagine, lakini kwa watu 6 itakula sehemu kubwa ya hiyo 300 yako. Na ile meli ya mvuke, Natchez, yenye gurudumu nyekundu nyuma na firimbi zinapiga nyimbo, ni masaa mawili mtoni na bei si ya familia. Fanya hivi: uiangalie ikiwa imefungwa gatini, watoto wasikie firimbi, ni bure. Halafu mpande feri ya Algiers, dola 2 kila mtu.

Hiyo feri watalii wengi huwa wanaisahau. Inatoka hapo Canal Street inavuka hadi Algiers Point, dakika chache tu, mathe ameketi, upepo, na anaona mji wote na kona ya mto. Hapo kwa kona ndio Mississippi iko deep kabisa, karibu mita 60. Upande wa pili ni mtaa umetulia, nyumba za mbao za rangi rangi, mnakaa kwa tuta mnarudi.

Alafu tram ya St. Charles, zile za kijani. Hiyo laini imekuwa ikitembea tangu 1835. Hazina AC, madirisha yanafunguliwa, bei ni dola 1.25 na hawarudishi chenji so beba coins. Unakaa tu, inakupitisha chini ya miti mikubwa na majumba ya matajiri. Mtoto wa miaka 3 atalala humo. Nakuhakikishia.

Gumbo pia msiiache kabisa, tafuta tu mahali wanaitengeneza bila soseji, ziko chache. Hiyo ni bamia yetu bro, hata jina inasemekana limetoka kwa ki-ngombo, bamia kwa lugha ya Angola.

Papa Lualaba
Jambo bandugu. Miye niko Louisville kule Kentucky, siye pia tuko na mto, Ohio, njo ule ule unaenda kuingia mu Mississippi. Musirudi bila kufika pa Congo Square, iko mu park ya Louis Armstrong, karibu sana na French Quarter. Batumwa balikuwa banapata ruhusa siku ya mungu tu, banakusanyika pale, banapiga ngoma, banacheza, banauzisha vitu. Mwaka 1817 muji ikatoa sheria hapo tu njo batakusanyika. Miye nilifika na bamama ya kanisa, mama moja akavua viatu, hakuna mutu alimuambia avue. Ila samedi, Jumamosi, hautasikia ngoma, ngoma bado banapiga dimanche, Jumapili, mchana.

Ngosha T
@Papa Lualaba mzee umenigusa. Kumbe jina Congo lipo mpaka huko.

Shemeji Pro
Mimi nawashangaa mnampangia mtu mapumziko kama semina. Mwache akajionee. Oktoba hii hali ya hewa safi, si kama Agosti unayeyuka. Ila kama unawaza wale kamba wadogo wa matope wanaochemshwa na pilipili kwenye ndoo, msimu wao ni kuanzia kwenye Februari mpaka Juni, sasa hivi utauziwa wa kwenye friji. Usiseme hukuambiwa.

Mdigo wa Houston
MREJESHO

Wakuu tumerudi salama, samahani nimechelewa kuandika, kazi. Nawapa kama ilivyokuwa.

Kwanza njiani, kuna daraja Louisiana linapita juu ya kinamasi, Atchafalaya, maili 18 wakuu, miti imesimama kwenye maji pande zote, tulipita jua linazama, mama akaacha tasbihi akawa anaangalia tu dirishani. Nikajua safari imeanza vizuri.

Café du Monde tulifika saa 1 na nusu, tukapata meza bila foleni. Sasa hakuna aliyenionya kitu kimoja. Mama kavaa buibui nyeusi. Sukari ile ya unga, mtoto wa 8 kavuta pumzi kabla ya kung'ata, akakohoa, ikaruka YOTE kwa bibi yake. Buibui ikawa kama katoka kusaga mahindi. Wife kanyamaza, mimi nimeganda na kikombe, mama akajitazama, akachukua beignet nyingine akaing'ata taratibu akasema "yamekandwa vizuri, ila yamekosa iliki na tui". Akala 4. Kahawa kaipenda kuliko yote, anasema ina uchungu wa kibarazani.

Tukapanda kwenye tuta kwa mteremko, tukakuta meli ya mizigo inapita, kubwa, imebeba makontena, na ukigeuka nyuma unaona mji umekaa chini ya tuta. Mama akauliza "na hawa wanalala usingizi?" Nikamwambia kuhusu Katrina, Agosti 2005, kuta za mifereji zilivyopasuka na sehemu kubwa ya mji ikaingia maji. Akanyamaza, akasoma dua kidogo, tukashuka.

Tram mtoto alilala kama alivyosema JaKisumu, kabla hata hatujafika kwenye majumba. Po'boy ya kamba tuliulizia mafuta mpaka muuzaji akatuonyesha kikaango, moja inatosha watu wawili, tulinunua 3. Kambare mama alikataa, anasema wa matope huyo. Gumbo tumeuliza sehemu 4, zote soseji, tukaacha. Akwariamu tuliipita mlangoni, wife alinuna kama dakika 20, kashata za pekani zikamtoa.

Congo Square tulifika saa 10 hivi, pamenyamaza, mawe ya chini yamepangwa duara duara, miti mikubwa, mtu mmoja kakaa anasoma gazeti. Mtoto wangu wa 12 ndo aliyemsomea bibi yake kile kibao, anatafsiri huku anakwama kwama, kiswahili chake mnakijua watoto wa huku. Alipofika kwenye neno la watumwa hakulijua, akaniangalia. Bibi yake akamwambia yeye, akamwambia na Bagamoyo, akamwambia na Pangani, vitu ambavyo mimi baba yake sijawahi kukaa nikamwambia. Walikaa kwenye benchi kama nusu saa, mimi na wife tukawa tunawafukuza njiwa na wadogo.

Jioni feri. Kwenda na kurudi sote haikufika dola 25, na ni pantoni ya Kigamboni kabisa, tofauti hii haipakii magari na hakuna anayekuuzia karanga. Mama alitaka tuvuke tena, tukavuka tena. Siku nzima dola 240 na ushee.

@Kiroboto jamaa wa viatu alikuja kweli. Mama alikuwa kavaa ndala, jamaa kaziangalia akapita.

bintiMrima
Mashallah. Na gumbo ndo mmeikosa hivyo hivyo?

Mdigo wa Houston
Jumanne nimerudi kutoka kazini nimekuta sufuria ya mama jikoni, bamia, kamba, samaki wa kuchoma kachambua, unga kaukaanga mpaka ukawa kahawia kama alivyoona kwenye simu ya wife, na kachomeka tui. Anaiita gumbo. Majirani wa Louisiana hapa wamekula wakaomba tena.

Ngosha T
Weka resipe mkuu.

Mdigo wa Houston
Nimemuuliza. Anasema yeye hapimi.