Re: Radoni kwenye nyumba za milimani, kuna aliyewahi kupima?

KISORO: Habari zenu jamani. Nimehamia huku kikazi, nyumba nzuri ya mawe meusi ya volkano ila chumba cha kulala kimechimbwa nusu ndani ya kilima. Mdogo wangu aliyeko Uswisi kaniuliza kama nimepima radoni nikakosa cha kumjibu. Ndo ile gesi ya mazuku ya Goma au ni kitu kingine? Na huku mtu anapimaje?

KABALE: Karibu Uganda dada. Hapana, mazuku ni kabonidioksaidi, inatuama mabondeni na inaua mtu au mbuzi papo hapo. Radoni ni gesi ya mionzi, yenyewe haina haraka. Inatokana na urani kidogo iliyomo kwenye miamba na udongo karibu kila mahali, inapanda kwenye nyufa za sakafu na pembeni ya mabomba, haina rangi wala harufu, unaivuta miaka na miaka halafu saratani ya mapafu ndo inakuja kukuambia. Kwa mvuta sigara hatari ni kubwa zaidi, kwa hiyo kama shemeji anavuta anza na yeye kabla hujaanza na sakafu.

Jiwe lenyewe halikupi jibu, nyumba mbili jirani zinaweza kupishana sana. Lazima upime. Vile vikopo vya kupimia vyenye mkaa wa kunasa radoni kwa siku chache achana navyo, radoni nusu yake inapotea ndani ya siku 4 hivi, kopo likikwama forodhani maabara huko Ulaya watapokea mkaa mtupu. Mwambie mdogo wako akutafutie kipimo cha mionzi ya alfa, kijikasha chenye kipande cha plastiki ndani, mionzi inakichora na ile michoro haifutiki hata kikichelewa njiani. Kiweke chumba mnacholala, juu ya kabati au stuli, mbali na dirisha, sio jikoni sio bafuni, kikae miezi 3 mkiishi kama kawaida, andika tarehe ya kuanza na ya kumaliza. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka isizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa mita moja ya ujazo, ikishindikana kabisa basi isivuke 300.

Halafu hili nalisema kila mwaka na watu wananichoka: huku juu jioni kila dirisha linafungwa na wengine wanaingiza sigiri, jiko la mkaa, chumbani. Hiyo sigiri inakuua usiku wa leo!! Radoni itasubiri.

FORT PORTAL: Naongezea kidogo. Masuala ya mionzi nchini yako chini ya Atomic Energy Council pale Kampala, waulize pia kabla hujaagiza nje. Na angalia yale matundu ya hewa juu ya madirisha, wapangaji wa huku wanayaziba sababu ya baridi. Majibu yakija juu, nyufa zinazibwa kwanza, isiposhuka ndo unapitisha bomba chini ya sakafu mpaka juu ya paa na feni ya kuvuta, ila umeme ukikatika feni nayo inalala, hilo mlijue.

KISORO: Asanteni sana. Matundu yote 2 ya chumbani yamejazwa magunia na saruji juu yake, fundi anakuja Jumamosi kuyazibua. Mdogo wangu anakuja likizo na hicho kijikasha. Mwenye nyumba kasema sakafu haitobolewi mpaka aone karatasi ya maabara, na hapo sina ubishi naye.