Huyu msimulizi wetu ameigeuza bustani ya wafungwa wa Uingereza kuwa shamba la bangi, nanyi mmenyamaza tu

Jembe Halimtupi
Wanajamvi, naandika hasira ikiwa bado ya moto, na atakayeona kwamba narudia jambo moja mara nyingi ajue kuwa nitalirudia tena, kwa sababu tangu jana usiku jambo hilo halijanitoka kichwani.

Sitamtaja jina. Hakuna asiyemfahamu: ni yule anayetusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, mwenye sauti ya kukwaruza, anayejisifu kwanza huku majina ya waigizaji yakipita, anayemwita kila mwanamume mwenye suti "bosi wa unga", na ambaye tangu azaliwe hajawahi kuuona ukimya kwenye skrini akauacha upite salama.

Jana kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu ilionyeshwa *Greenfingers*, filamu ya Uingereza ya mwaka 2000, ambayo inachekesha na kuhuzunisha kwa wakati mmoja. Inahusu wafungwa wa gereza la wazi, yaani lisilo na kuta za kuwazuia, wanaojikuta wameipenda kazi ya bustani, hadi wanaalikwa kushindana na wataalamu kwenye maonesho ya maua ya Hampton Court. Kisa kimetokana na mambo ya kweli ya wafungwa wa gereza la Leyhill, kule Gloucestershire. Si filamu ya makomandoo. Ni filamu ya watu wenye makoleo, matope na aibu zao za zamani, na nilikuwa nimeingoja kwa hamu.

Sasa nisikilizeni. Clive Owen anaigiza mfungwa aitwaye Colin Briggs, mtu aliyeua, ambaye miaka ya kifungo imemfanya asitake kuzungumza na binadamu yeyote. Anakaa chumba kimoja na mzee Fergus, anayeigizwa na David Kelly, na mzee huyo anampa mbegu za vayoleti, yale maua madogo ya zambarau. Colin anazifukia ardhini bila imani yoyote, kama mtu anayetimiza wajibu ili aachwe apumzike. Baridi ya Uingereza inapita, na siku moja anakuta yametoka. Hasemi neno. Anainama na kuyatazama, na usoni mwake unaona mtu ambaye kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi amefanya kitu kikaishi badala ya kufa. Hapo ndipo filamu nzima ilipo. Na hapo ndipo yule bwana alipovuta pumzi karibu na maikrofoni, akapaza sauti: "Bangi imekubali!"

Bangi imekubali.

Ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi. Mzee wa benchi la mbele alisimama na kofia yake mkononi kana kwamba wimbo wa taifa umepigwa. Watoto wanaochungulia kupitia tundu la bati walishangilia, na nina hakika hata kuku wa jirani waliamka.

Kwa kuwa alikwisha kusema ni bangi, ilimbidi aendelee nayo hadi mwisho. Mkuu wa gereza, anayeigizwa na Warren Clarke, ambaye katika filamu anastaajabia maua hayo na kuamuru wafungwa waanzishe bustani, akawa "bosi wa unga aliyenusa mzigo". Helen Mirren, aliyevaa makofia yake ya kifahari akiigiza Georgina Woodhouse, bingwa maarufu wa bustani, akatambulishwa kuwa mnunuzi kutoka Kolombia. Hampton Court, kasri alilokaa Mfalme Henry VIII, likawa gulio la magendo. Wafungwa walipotolewa mchana kwenda kulima bustani za matajiri, jambo la kawaida kabisa kwa gereza la aina hiyo, alitangaza kwamba wametoroka. Walipoonekana tena gerezani wamekaa kwa utulivu, akasema wamesahau mzigo.

Halafu kuna suala la kamba. Tangu dakika za mwanzo alituapia kwamba steringi atanyongwa alfajiri. Uingereza ilinyonga watu wake wa mwisho tarehe 13 Agosti 1964, na mwaka uliofuata Bunge likasimamisha adhabu hiyo kwa kosa la kuua; tangu hapo muuaji hupewa kifungo cha maisha, na akionekana amebadilika baada ya miaka mingi ya kufungiwa ndani ya kuta ndefu, huhamishiwa gereza la wazi, daraja D, lile la ulinzi mdogo kabisa, ajaribiwe kabla ya kuachiwa. Hiyo ndiyo sababu Colin yuko pale, na ndiyo inayochekesha: hakuna ukuta wa kumzuia, lakini hana pa kwenda. Kwa msimulizi wetu, kila alfajiri ilipofika na mtu hajanyongwa, maelezo yalikuwa kwamba kamba imekatika. Ilikatika mara nne, ndugu zangu. Nchi iliyojenga reli dunia nzima haina kamba.

Hayo yote ningeyavumilia. Ningeivumilia Kolombia, na kamba ningeivumilia. Lakini mtu ameinamia maua yake, kimya, na wewe uliyelipwa kutusimulia unaona kimya hicho ni pengo la kuzibwa kwa bangi? Hilo sikubali, na nataka kusikia kama kuna mwenzangu humu anayekubali.

Kichuguu
Mleta mada, mimi nilikuwa benchi la nyuma yako. Ulipiga makofi.

Jembe Halimtupi
Nilikuwa naua mbu.

Kichuguu
Mbu huyo alikuwa sugu sana, kwa maana ulimpiga mfululizo, kisha ukampigia na mluzi.

Mzaramo Halisi
Umelipa shilingi mia tano, ukapewa Uingereza, Kolombia na Henry VIII kwa usiku mmoja, na bado unalalamika. Wenzako walioitazama bila msimulizi wanasema kwamba kwa nusu saa ya kwanza hawakujua kama televisheni imezimika au watu wameamua kutoongea. Yule bwana ametusaidia.

Mama Zawadi
Nyote mna bahati, kwa sababu mmeiona hadi mwisho. Sisi wa kibanda cha pili, wafungwa walipofika tu Hampton Court na kuanza kupanga mawe yao, mwenye kibanda alitubadilishia akaweka mpira bila hata kutuomba radhi, na tulipolalamika alituuliza kama tunataka kuangalia wanaume wakimwagilia maji maua wakati kuna penalti. Kwa hiyo mleta mada, malalamiko yako ni ya mtu aliyeshiba. Mimi hadi sasa sijui kama walipata medali.

Afande Mstaafu
Nimelisoma hili kwa utulivu na nadhani mnamlaumu asiyehusika. Tatizo ni filamu yenyewe. Nimesimamia wafungwa katika mashamba hadi nilipostaafu, tumelima mahindi na tumefuga ng'ombe, na katika utumishi wangu wote sikuona mfungwa anayebembelezwa ashike jembe. Isitoshe, ni kwa nini kila filamu ya gereza ya Waingereza lazima mkuu wa gereza awe mtu wa kushangaashangaa, askari wawe wa kuchekwa, na mwenye busara awe muuaji? Hilo ndilo tusi. Bangi ni jambo dogo, na kwa taarifa yenu, mfungwa akiachiwa kipande cha ardhi bila uangalizi, hicho ndicho atakachootesha. Msimulizi anaifahamu kazi yetu kuliko mwandishi wa filamu.

Jembe Halimtupi
Afande, shikamoo. Kwa heshima zote, lile gereza ni la kweli na wafungwa wale walikuwepo kweli. Lakini naomba turudi kwenye vayoleti.

Msafiri wa Bristol
Niko huku, na gereza la Leyhill si mbali nasi. Ukipita barabara kuu ya M5 kwenda kaskazini unaliacha pembeni. Limekuwa gereza la wazi tangu mwaka 1946, na mwanzoni wafungwa walilazwa katika mabanda yaliyokuwa hospitali ya wanajeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Afande aelewe kwamba hawakubembelezwa: walipeleka bustani zao hadi maonesho ya maua ya Chelsea, London, na wakarudi na medali wakiwa wameshindanishwa na kampuni zinazoishi kwa kazi hiyo. Mama Zawadi naye ajue kwamba waamuzi wa Chama cha Kifalme cha Bustani, kinachoandaa maonesho hayo, hawatafuti wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kila bustani hupimwa kwa kiwango chake, kwa hiyo wanaweza kupata dhahabu wengi au asipate hata mmoja, na chini ya dhahabu kuna fedha iliyopakwa dhahabu, kisha fedha tupu, kisha shaba.

Lalamiko langu mimi ni tofauti. Nani aliwaambia watengenezaji kwamba kila mfungwa lazima apewe mchumba? Filamu inatembea vizuri, udongo unachimbwa, mzee Fergus anaumwa na bado anafundisha wenzake, mara anatokea Primrose, binti wa Mirren, na kila mtu anaacha koleo ili tutazame mapenzi. Niliitazama kwa ajili ya mbolea.

Mama Zawadi
Asante kwa maelezo ya medali, kaka, lakini bado hujajibu. Walipata au hawakupata?

Binti Mwinyi
Msafiri, acha wivu. Mtu amefungwa miaka yote hiyo, umnyime na Primrose? Tena msimulizi alimpendelea sana binti yule. Ndiye peke yake ambaye hakuhusishwa na bangi. Alisema ni mpelelezi wa Interpol anayejifanya kupenda maua.

Na kuhusu Helen Mirren, nadhani tumkosoe msimulizi kwa haki. Mimi nilimsikia akimwita "Malkia wa Uingereza" katikati ya filamu, watu wakamzomea. Mwaka 2006 mama huyo huyo aliigiza Malkia Elizabeth II na akachukua tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Yule bwana aliona mbali.

Mzaramo Halisi
Hakuona mbali. Kwake kila mzungu mwenye kofia ni malkia.

Jembe Halimtupi
Nauliza tena kwa mara ya mwisho. Mtu ameinama. Kimya. Maua. "Bangi imekubali." Hakuna anayeona ubaya?

Kichuguu
Mkuu, mbu amerudi?

Afande Mstaafu
Kijana wa Bristol hajanijibu kuhusu askari kufanywa watu wa kuchekwa. Nasubiri.

Pwani Moja
Mnabishana juu ya huyu kwa sababu hamjamsikia yule mwenzake wa upande wa pili wa mji, naye simtaji jina kwa kuwa mnamjua, anayekula karanga ndani ya maikrofoni. Filamu hii hii, kwake, Colin anakaa mbele ya bodi ya parole, ile inayoamua kama mfungwa aachiwe, wakubwa wanamuuliza kama anajutia alichofanya, mwigizaji wa watu ana machozi yanayolenga, na wewe unachosikia ni maganda yanavunjwa. Hakusimulia lolote hadi bodi ikamaliza kikao. Heri bangi.

Binti Mwinyi
Nakazia. Namfahamu huyo, na mara ya mwisho alipaliwa, filamu ikasimamishwa wampe maji.

Mzaramo Halisi
Si karanga zile. Ni korosho, nimekaa naye karibu.

Pwani Moja
Korosho haina ganda la kuvunja kwa kishindo namna ile. Ni karanga mbichi za kukaushwa, na anazinunua kwa yule mama wa kituoni.

Mama Zawadi
Wa kituoni gani, yule anayepunguza kipimo?